Shotigani, bastola au grili ya koridoo: nilivyopima ulinzi wa nyumba yetu Moshono

Wezi wa upondo, wale wanaovuta vitu dirishani kwa fimbo ndefu yenye ndoano, walipovuta mkoba wangu kupitia dirisha la sebuleni kwetu Moshono, Arusha, mume wangu alikuwa Serengeti na wageni, siku ya nne kati ya kumi. Nilikuwa chumbani na watoto wawili, dada wa kazi amelala chumba cha pili. Nilisikia chuma kikikwaruza nondo za dirisha, nikajua ni nini, nikabaki nimekaa kitandani na simu mkononi, vidole vimekufa ganzi. Kulipokucha majirani walikuja kutupa pole, na zaidi ya mmoja alisema neno lilelile: "Mama, tafuteni bastola."

Sikulipuuza. Mwanamke anayelala na watoto wadogo huku baba yao akiwa porini siku kumi hawezi kulichukulia jambo hilo kama maneno ya barazani. Nilipanda Kibosho, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, kwa baba mdogo, ambaye amemiliki shotigani kwa leseni tangu nikiwa shule ya msingi. Jirani yake ni mwanajeshi mstaafu anayezijua bastola kama ninavyozijua sufuria zangu. Niliwasumbua wazee hao wawili kwa maswali miezi kadhaa. Haya ndiyo niliyotamani mtu aniambie siku ile ya kwanza, kabla kila mtu hajanipa ushauri wa silaha ambayo yeye mwenyewe hajawahi kuishika.

Leseni ni ya nani?

Nchini kwetu Tanzania silaha za raia zinasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Ombi linaanzia serikali ya mtaa au ya kijiji, linapanda kata, wilaya na mkoa, ndipo lifike kwa Mrajisi wa Silaha wa Jeshi la Polisi. Maana yake watu wa kwanza kulitazama ni wale wanaokujua: wanaojua kama unakunywa ukapitiliza, wanaojua ugomvi wako wa mpaka na shemeji yako. Wengi hulalamika kwamba ni mlolongo mrefu. Mimi nauona ni mzuri, na ningeutaka uwe hivyohivyo kwa jirani yangu.

Jambo lililonishtua ni kwamba leseni hufuata mtu na silaha iliyoandikwa humo. Haifuati nyumba. Mume wangu akipata bastola kwa jina lake, mimi ninayebaki nyumbani sina ruhusa ya kuitoa kwenye sanduku na kuitumia. Kwa hiyo katika nyumba kama yetu, ambako anayetaka silaha ni baba na anayelala na hofu ni mama, mwombaji anayefaa huenda ni mama. Baba mdogo alipoligusa hilo nilinyamaza kidogo. Nilikuwa nimefika kwake nikidhani nakuja kuchukua habari za kumpelekea mume wangu.

Tena kuna Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 18 na vile vinavyokifuata. Vinakupa haki ya kujitetea, kumtetea mwingine na hata kutetea mali, ila kwa nguvu ya kadiri inayohitajika tu, na ukipitiliza unawajibika kwa jinai. Mwizi wangu wa upondo alikuwa nje ya dirisha, mkono wake ukiwa na fimbo ndefu na ndoano. Hakukuwa na silaha yoyote katika orodha hii ambayo ningekuwa na haki ya kumpiga nayo kwa ajili ya mkoba wenye kitambulisho, vipodozi na shilingi elfu arobaini. Kila unaposoma sifa za bunduki fulani hapa chini, litie hilo akilini.

Shotigani

Hii ndiyo bunduki ambayo wengi wetu tumeiona kwa karibu, maana walinzi wa kampuni husimama nayo milangoni mwa benki. Nyingi zetu ni za geji 12, na jina hilo lina maana yake: gololi 12 za madini ya risasi (ledi) zenye upana wa mtutu ule zinatimiza ratili moja, yaani gramu 454. Mtutu wenyewe una kipenyo cha milimita 18.5 hivi. Zile za pampu, unazozipakia kwa kuvuta na kusukuma kishikio kilicho chini ya mtutu, kama Remington 870 na Mossberg 500, zimetengenezwa kwa zaidi ya miaka sitini na hazijabadilika sana, na hiyo ni sifa njema kwa chombo ambacho kinatakiwa kifanye kazi usiku mmoja baada ya miaka kumi ya kukaa.

Baba mdogo aliitoa yake mchana, akaivuta pampu mara tatu, akaingiza kidole kwenye chemba, tundu inamokaa risasi kabla ya kufyatuliwa, kuhakikisha iko tupu, kisha akaangalia tena kwa macho. Mimi hakunipa. Alisema leseni ni yake. Badala yake alichukua mpini wa jembe, akaukata ukalingana na bunduki yake, kama mita moja, akaniambia: "Mwanangu, nenda nao Moshono. Usiku zima taa zote, utoke nao kitandani hadi mlango wa mbele. Kisha unipigie."

Nilifanya hivyo siku ya tatu, watoto wakiwa wamelala. Mlango wa chumba chetu unafungukia ndani. Nilipoushika mpini kwa mikono miwili sikuwa na mkono wa kufungulia kitasa. Niliufungua, mpini ukagonga fremu. Koridoo yetu ina upana wa mita moja na kidogo; nilipogeuka kuelekea sebuleni ncha ya mpini ilitangulia kabla yangu kwenye kona, na mtu yeyote aliyesimama pale angeidaka. Na simu ningeishika kwa mkono gani? Na tochi? Na mdogo wetu akiamka akanishika gauni? Nilifika mlango wa mbele nimetoka jasho, nikiwa nimepita mbele ya mlango wa dada wa kazi mpini ukielekea kwake.

Nilipompigia baba mdogo hakucheka. Alisema yeye kwake hatembei nayo. Nyumba yake iko katikati ya migomba, jirani wa karibu yuko mwendo wa kumaliza wimbo mmoja wa kanisani, na kukitokea jambo anakaa chumbani, bunduki ikielekea mlango mmoja, mkewe nyuma yake akipiga simu. Anamsubiri anayekuja, yeye hamfuati mtu. Kwa matumizi hayo sijasikia kinachoizidi shotigani. Inaegemea bega, ni rahisi kuielekeza kuliko bastola, na risasi moja ya gololi kubwa hubeba gololi nane au tisa za milimita nane na ushee kila moja.

Kuna uongo wa aina mbili unaosimuliwa juu yake. Wa kwanza ni kwamba haihitaji shabaha kwa sababu gololi zinatawanyika. Ndani ya nyumba hazitawanyiki hivyo: kadirio la kawaida ni sentimita mbili na nusu kwa kila mita, kwa hiyo kutoka kitandani hadi mlangoni, mita nne au tano, fungu zima lina upana wa sahani ya kikombe cha chai. Ukikosa, umekosa na gololi zote tisa, na zote zinaendelea na safari. Uongo wa pili ni kwamba mwizi akisikia pampu ikivutwa atakimbia. Huenda akakimbia. Huenda pia akajua sasa uko chumba gani.

Teke lake ni kali. Mtu mwenye mwili mdogo aulizie geji 20, ambayo mtutu wake ni milimita 15.6 na haimtikisi bega kiasi hicho. Mimi ningechagua hiyo kama ningeishi Kibosho, Machame au kwenye shamba la Usa River.

Bastola

Kila aliyenipa ushauri alitaja bastola, na nadhani ni kwa sababu ni ndogo na inaonekana ya kisasa. Zinazotajwa zaidi ni za risasi za milimita 9. Glock 17, ya Austria ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, ina uzito usiofika kilo moja hata ikiwa imejaa risasi zake 17. Inashikwa kwa mkono mmoja, mkono wa pili unabaki na simu, tochi au mtoto. Nilirudia zoezi la mpini kwa kushika rimoti ya televisheni, na kweli nilipita koridoo bila kugonga chochote. Hapo bastola inaishinda shotigani waziwazi.

Mstaafu wa Kibosho alinipa upande wa pili, na alikuwa na uchungu aliposema. Bastola ndiyo silaha ngumu kuliko zote kuipiga sawasawa. Mtutu mfupi, hakuna bega la kuiegemeza, na mkono unaotetemeka kwa digrii chache tu unaipeleka risasi robo mita kando ndani ya mita tano. Askari hufanya mazoezi na bado hukosa. Raia ambaye amepiga risasi kumi siku ya kuinunua kisha akaifungia kabatini miaka mitano, huyo hana bastola, ana chuma. Akaniuliza nitafanyia wapi mazoezi na mara ngapi kwa mwaka. Sikuwa na jibu, na nimewauliza wanaume kadhaa wenye bastola mjini, nao walibaki kunitazama.

La watoto lilinizuia zaidi. Glock haina kitufe cha usalama cha kugeuza kwa kidole; usalama wake uko kwenye kifyatulio chenyewe, na uzito wa kukivuta ni kama kilo mbili na nusu. Mtoto wa chekechea akitumia vidole gumba viwili anaiweza. Na kuna kosa ambalo watu wazima wenye akili zao hulifanya: anatoa magazini, kile kikebe cha risasi kinachochomekwa kwenye mpini, anaiona tupu, anasema bastola haina risasi, kumbe moja imebaki kwenye chemba. Magazini ikitoka, lazima ukoki, yaani uvute nyuma sehemu ya juu ya bastola, uangalie chemba, utie kidole. Baba mdogo aliiangalia bunduki yake mara mbili mbele yangu ilhali alijua fika iko tupu. Mtu ambaye hana subira ya kufanya hivyo kila mara, maisha yake yote, asiombe leseni.

Rivolva, ile ya mviringo wa risasi sita, ni nzito kukivuta kifyatulio chake ikiwa hujavuta nyundo kwanza, haina magazini ya kukudanganya, na ukiufungua mviringo unaona kila tundu kama lina risasi. Kwa mzee au kwa mtu asiyefanya mazoezi sana, mstaafu aliiweka juu ya bastola ya magazini. Risasi chache, lakini nyumbani tatizo huwa ile ya kwanza inakwenda wapi.

Gobore na raifo

Haya nayapitia haraka. Gobore la babu linapakiwa baruti kwa mdomo, linapiga mara moja, na ukungu wa mlimani ukiingia baruti halipigi kabisa. Kama liko nyumbani kwenu na mzee ameshafariki, halirithiwi kimyakimya kama kiti cha mkunjo: lipelekeni polisi. Jeshi la Polisi limekuwa likitangaza vipindi vya kusalimisha silaha kwa hiari, na hata nje ya vipindi hivyo ni heri kulipeleka wenyewe, mkiwa na mwenyekiti wa mtaa au kijiji, kuliko kukutwa nalo.

Raifo za kuwindia zipo nyingi Arusha kwa sababu ya kampuni za uwindaji wa kitalii. Risasi ya .375 H&H, iliyoanza mwaka 1912, imetengenezwa kwa ajili ya nyati na tembo. Kuipiga ndani ya nyumba Sakina au Majengo ni kuipiga kwa jirani. Na zile za kijeshi zinazotema mfululizo raia haruhusiwi kuwa nazo hata kidogo.

Ukuta wako unazuia nini

Hapa ndipo Moshono na Kibosho zinapoachana, na ndipo pia Njiro, yenye nyumba za nafasi, inapoachana na Ngarenaro ya nyumba zilizobanana. Tofali la saruji lililojaa, la inchi 5 au 6, kwa kawaida huzuia gololi za shotigani na risasi ya bastola ya milimita 9. Mlango wa mbao hauzuii. Jipsamu haizuii, iwe dari au ukuta wa kugawia chumba. Dirisha na bati havizuii. Nyumba za mbao za zamani kule Uchagani hazizuii chochote.

Nilichukua karatasi nikachora nyumba yetu. Kutoka kitandani kwangu nikielekeza mlangoni, nyuma ya mlango kuna koridoo, na ng'ambo ya koridoo ni mlango wa mbao wa chumba cha dada wa kazi. Kitanda chake kiko sawa na mlango huo. Nilikaa naitazama ile karatasi muda mrefu. Binti wa watu aliletwa kwetu na mama yake kutoka Same, na kila silaha niliyokuwa naifikiria ingemwelekea yeye kwanza. Nilihamisha kitanda chake jioni ileile, kabla sijaamua lolote jingine.

Anayeishi Unga Limited au Pasua, ambako bati linagusana na bati, achore pia za majirani. Kupiga hewani nako si njia ya salama: risasi ya bastola inayopanda inashuka, na inashuka juu ya paa la mtu.

Kisha kuna sauti. Shotigani au bastola ndani ya chumba hutoa zaidi ya desibeli 150, na sikio huanza kuumia mnamo 140. Baada ya mlio wa kwanza husikii mtoto akilia wala jirani akiita jina lako. Na gizani, umeme ukiwa umekatika, kivuli cha mume aliyerudi safari siku moja kabla kinafanana sana na kivuli cha mwizi. Ndiyo maana wazee wote wawili walisema tochi na kuuliza "Nani?" vinatangulia silaha yoyote.

Kilicho kati ya kitanda na geti

Baada ya hayo nilianza kulinganisha silaha na vitu visivyofyatuka, na sikutegemea ningeishia huko.

Tuliweka grili ya chuma kwenye mdomo wa koridoo, inayotenga vyumba vyote vya kulala na sebule, yenye kufuli ndani. Fundi wa Kijenge aliichomelea kwa nondo za milimita 12 ndani ya siku mbili. Ufunguo unaning'inia kwenye msumari karibu na kitanda changu na mwingine kwa dada, kwa sababu grili isiyofunguka moto ukiwaka ni jeneza. Mwizi akiingia sebuleni sasa atachukua televisheni, na sisi tuko nyuma ya chuma tukipiga simu 112 na kuwapigia majirani. Grili haikosi shabaha na haimchanganyi mtoto na mwizi. Kwa nyumba yenye watoto chini ya miaka kumi naiweka juu ya bastola bila kusitasita.

Mbwa tulichukua wawili, wa kawaida wa hapahapa. Kazi yao ni kuniamsha mapema, na wanaifanya vizuri kuliko king'ora. Wapate chanjo ya kichaa cha mbwa kila mwaka, na wasizoeshwe kulishwa na kila anayepita. Michongoma kwenye uzio huhitaji kupunguzwa ili isiwe maficho. Seng'enge ya umeme ni nzuri ikiwa ina betri. Bila betri ni kamba ya kuanikia nguo kila umeme unapokatika.

Mlinzi wa Kimaasai tulimfikiria pia, na jirani yangu anaye mmoja hodari sana. Anachokupa mlinzi ni macho yaliyo wazi saa tisa usiku. Lakini mlipe vizuri, mpe koti, buti na chai, mpe mahali pa kujikinga mvua. Ukimwacha alale njaa getini halafu ukamlaumu kwa kusinzia, kosa ni lako.

Ninavyochagua, nyumba kwa nyumba

Kwa nyumba ya upweke shambani, wazee wawili, watoto wameshakua: shotigani, geji 20 ikiwa bega ni dhaifu, na kukaa chumbani nayo. Baba mdogo amechagua sawa.

Kwa mfanyabiashara anayefika nyumbani usiku na mauzo ya siku, ambaye hatari yake iko getini akishuka kwenye gari: bastola ina maana, kama atafanya mazoezi kweli. Nadhani angefanya vizuri zaidi kuacha kubeba fedha taslimu, lakini najua biashara za soko la Kilombero haziendi hivyo.

Kwa nyumba kama yetu: hakuna silaha, kwa sasa. Mdogo wetu ana miaka minne. Mume wangu alirudi safari nikamwonyesha ile karatasi yenye mchoro, akapita koridoo na mpini wa jembe usiku ule, akaugonga mlango palepale nilipougonga mimi.

Wiki iliyopita mwenye duka la jumla kutoka Njiro alinipigia. Ameshaandika barua kwa serikali ya mtaa kuomba bastola, akataka nimweleze anunue aina gani. Nilimuuliza kama ana sefu. Hana, alikuwa amepanga kuiweka juu ya kabati la nguo. Nikamwambia barua iende, huku yeye anunue sefu, aifunge kwa boliti kwenye tofali na si kwenye mbao, risasi azitengee sanduku lake la pili, na amwonyeshe mkewe mahali zilipo funguo za grili. Habari za aina ya bastola tutaongea Jumamosi, kwake, na nitakwenda na rimoti.